FULANA ZINGOJE, TUNUNUE SURUALI



Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita lilitolewa shauri kwamba fedha zilizomo katika sanduku la chama zinunue fulana mpya zenye alama ya chama, kila mwanachama apate moja. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa wakati ulikuwa umekwisha, sikupata nafasi ya kueleza sababu. Basi naomba nieleze humu. Maoni yangu ni kwamba fulana zingoje, na fedha zile zianze kununua suruali za kinga kwa wenzetu waendeshao pikipiki.

Najua wako watakaocheka. Suruali! Nani asiye na suruali? Lakini tazameni tunavyovaa hapa Dabaso. Huyu yuko kazini na kaptura na kandambili, yule na suruali nyembamba ya nailoni ya michezo, kwa kuwa joto la kaskazi halina huruma. Askari hawezi kumwambia neno. Sheria ya Barabara, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, yamtaka mwendeshaji avae helmeti na koti lenye kung'aa, na abiria vile vile. Juu ya miguu sheria imenyamaza.

Na miguu ndiyo ifikayo chini mwanzo. Mimi mwenyewe nilianguka mwaka juzi katika barabara ya Gede kwenda Watamu, mahali ambapo mchanga hupeperushwa ukatanda juu ya lami. Mwendo ulikuwa kama kilomita 40 kwa saa. Watu husema 40 si mwendo, kumbe ni mita 11 kila sekunde. Nilikuwa nimevaa jinzi nzito, zile ambazo wazee wetu waliziita dangirizi, nami nikiiamini sana. Ilitoboka gotini na pajani kabla sijafahamu kwamba nimeanguka. Nililala nyumbani wiki 5. Mwenye pikipiki alikuja siku ya pili, akatazama kwanza taa na usukani, ndipo akaniuliza hali. Hesabu ya siku zile zote aliniandikia deni.

Tangu hapo nimeuliza na kusoma, na nimejua kwamba jinzi za kawaida hata ziwe nzito vipi ni pamba tu, na pamba ikisuguliwa na lami kwa mwendo ule mara nyingi haimalizi hata sekunde moja. Jinzi za wapanda pikipiki kwa macho ni zile zile, lakini ndani zimetiwa, au zimefumwa pamoja na, nyuzi za namna nyingine zisizokatika upesi. Uzi mmoja unaojulikana ni Kevlar, uliovumbuliwa Marekani mwaka 1965 na mwanamke mkemia, Stephanie Kwolek. (Mwaka ule ule ndio COTU ilipoundwa hapa kwetu. Uzi umefika duniani kote, lakini kwetu Dabaso bado.)

Ulaya wana kipimo chao kiitwacho EN 17092, kilichotolewa mwaka 2020, na alama yake hushonwa ndani ya nguo. Herufi ndizo za kutazama. Nguo ya A imepimwa mahali pa magoti kwa mwendo wa kilomita 45, ya AA kwa 70, na ya AAA kwa 120. Ya B ni kama A lakini haina vipande vya kukinga magoti. Kwa sisi tunaozunguka Gede, Timboni na Watamu, A yatosha, na joto lake lavumilika. Ila mwenye kuchukua abiria hadi Malindi au Kilifi kwa barabara kuu, akipishana na malori na mabasi ya Mombasa, huyo atafute AA. Kuna watu watakaosema kila mtu anunue AAA au asinunue kabisa. Mimi sikubaliani nao. Suruali nzito inayovuliwa saa nne ya asubuhi kwa sababu ya joto haimkingi mtu.

Vile vipande vya magoti navyo vina alama yao, EN 1621-1, daraja la 1 na la 2, na la 2 hupunguza kishindo zaidi. Ukijaribu suruali usisimame mbele ya kioo ukajitazama kama bwana arusi. Kaa juu ya pikipiki. Kipande kikiwa juu ya goti umekaa hivyo, vizuri. Kikiteremka kwenye muundi, rudisha. Na upindo wa chini usipande ukaacha kifundo wazi, maana bomba la moshi liko karibu.

Katika Australia walichunguza wapanda pikipiki 212 waliopata ajali, na majibu yakachapishwa mwaka 2011. Waliokuwa wamevaa suruali maalumu, hatari yao ya kulazwa hospitali ilikuwa kama nusu ya ile ya wasiovaa. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya suruali hizo maalumu zilichanika au kutoboka katika ajali. Kwa hiyo jina la duka na bei kubwa si dhamana.

Hasa nawaonya juu ya mitumba ya Kongowea na ya magulioni. Humo hupatikana suruali njema kabisa kwa bei ya mnyonge, na humo humo mna jinzi za maringo zilizoshonwa mistari gotini zionekane za pikipiki, na ndani hamna kitu. Igeuzeni nje ndani. Tazameni kama kuna kitambaa cha pili, mara nyingi rangi ya manjano, magotini na makalioni, na kama mishono ni ya nyuzi mbili au tatu. Nailoni tupu iepukeni, kwani ikisuguliwa hupata moto, huyeyuka na kushikamana na kidonda. Na mkiipata iliyo njema, msiifue kwa dawa ya kung'arisha nguo, wala msiianike juani kutwa, maana vyote viwili hudhoofisha uzi huo wa Kevlar.

Asiyeweza kununua aende kwa fundi cherehani. Namjua mmoja aliyemshonea mwenzetu mifuko ya ndani ya kutilia kinga za magoti, akaongeza maradufu makalioni. Si sawa na ya kiwandani, wala fundi mwenyewe hakudai hivyo, lakini yashinda kaptura.

Sasa habari ya fedha. Suruali mpya yenye alama ni mapato ya siku nyingi, hilo silifichi. Ndiyo maana naliweka mbele ya chama badala ya kumwambia kila mtu ajitegemee. Tukinunua nyingi kwa pamoja tutaweza kuvutana na mwenye duka. Tuanze na wanaofanya kazi usiku katika barabara kuu, kisha wengine kwa zamu, na kila mmoja alipe sehemu kidogo kidogo. Nao matajiri wenye pikipiki tuwaandikie watoe sehemu yao. Tairi likiisha wanabadilisha bila kuulizwa mara mbili, na bima ya pikipiki wanalipa. Mtu aletaye hesabu kila jioni hawajamnunulia hata soksi.

Abiria nao, hasa akina mama wanaokaa upande na leso zao, sijui tutawafanyia nini. Hilo naliacha kwa kamati.

Naomba jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao kabla fulana hazijaagizwa. Nitakuja na ile jinzi yangu iliyotoboka, muipitishe mkono kwa mkono.

Mwanachama, Dabaso