MPAKA WA JIMBO USIPANDWE USIKU

Kila Mluguru ajua jinsi mpaka wa shamba unavyowekwa. Huitwa majirani, huitwa wazee wa ukoo, na kila mmoja huona kwa macho yake mahali alama inapopandwa. Mtu akiamka usiku peke yake akaihamisha, hata kwa hatua mbili tu, jina lake ni mwizi. Basi twauliza: mpaka wa jimbo la uchaguzi, ambao unabeba sauti ya watu kwa malaki, kwa nini tuujali kidogo kuliko mpaka wa shamba la migomba?

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu na ramani zao, nasi wananchi tungoje kupiga kura tu. Hiyo si kweli. Hesabu yake ni ya mtoto wa shule. Chukua wapiga kura 15. Tisa wanapenda chama cha kwanza, sita wanapenda chama cha pili. Wagawe katika majimbo matano ya watu watatu watatu. Sasa mwenye kalamu akiwakusanya sita wa chama cha kwanza katika majimbo mawili, watashinda hayo mawili kwa kura zote. Katika matatu yaliyobaki atamweka mmoja wa chama cha kwanza na wawili wa chama cha pili. Matokeo yake ni kwamba wachache wamepata viti vitatu na wengi wamepata viwili. Hapana kura iliyoibwa, hapana sanduku lililovunjwa. Kazi yote ilifanywa na kalamu kabla mtu wa kwanza hajapanga foleni.

Jambo hili si ndoto. Zanzibar walilionja. Katika uchaguzi wa Julai 1963 palikuwa na majimbo 31. Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya kura 54 katika kila 100, lakini ikapata viti 13 tu. ZNP na ZPPP, waliokuwa wameungana, wakapata viti 18 na kuunda serikali. Kura nyingi za Afro-Shirazi zilirundikana katika majimbo machache, ambamo kura elfu za ziada hazikuongeza hata kiti kimoja. Serikali ile ilipokea uhuru Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 ikapinduliwa. Hatusemi kwamba mipaka peke yake ndiyo iliyoleta mapinduzi, kwa maana chuki za miaka mingi zilikuwapo. Lakini watu walio wengi wakihesabiwa kuwa wachache, amani haikai.

Na sisi wa Morogoro tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 1958 Jimbo la Mashariki lote, kuanzia Uluguru hadi Bagamoyo na Rufiji, lilikuwa eneo moja la uchaguzi. Mkoloni hakutosheka na kuchora ardhi, alichora na rangi za watu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, yaani Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika walikuwa karibu 98 katika kila watu 100. Tena hakuruhusiwa kupiga kura ila mwenye pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo cha namna fulani. TANU ilibishana sana huko Tabora Januari 1958 kabla ya kukubali kuingia katika uchaguzi ule. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere alishindana na Patrick Kunambi, mwana wa Uluguru mwenyewe, akamshinda. Mpango uliokusudiwa kuwagawa watu ulishindwa kwa sababu watu walikuwa kitu kimoja. Lakini haifai taifa lingoje ushujaa kila mara ili lipate haki yake.

Tuje kwenye sheria ya leo. Kuchora mipaka upya si kosa. Ni wajibu. Watu wanaongezeka, wanahama, miji inakua. Katiba ya 1977, ibara ya 75, inaipa Tume ya Uchaguzi kazi hiyo, na inataka mgawanyo uchunguzwe angalau kila miaka kumi. Inataka pia Tume iangalie njia za mawasiliano na hali ya nchi. Hayo ni mema. Lakini ibara hiyohiyo yasema kwamba majimbo yatagawanywa baada ya kupata kibali cha Rais, naye Rais kwa kawaida ni kiongozi wa chama kinachoshindania majimbo hayo. Tena ibara ya 74, kifungu kidogo cha 12, inazizuia mahakama kuchunguza jambo ambalo Tume imelitenda katika kutimiza madaraka yake. Maana yake ni nini? Mmoja wa wachezaji anaombwa ruhusa ya kuchora uwanja, na mwamuzi amefungiwa nje.

Mwaka 2025 Tume ilitaja vipimo vya idadi ya watu: 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la kijijini. Mwezi Mei ikatangaza majimbo mapya manane, nayo yote yakawa 272. Hakuna hata moja lililokuja Morogoro. Jiji la Mbeya, lenye watu zaidi ya 540,000 katika sensa ya 2022, lilipata jimbo la pili, la Uyole. Manispaa ya Morogoro, yenye watu zaidi ya 470,000, ilibaki na mbunge mmoja. Na jirani yake, Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, ambayo watu wake hawafiki 400,000, ina majimbo mawili, la Kusini na la Kusini Mashariki.

Msomaji asidhani kwamba twataka watu wa mlimani wanyang'anywe mbunge. Hata kidogo! Mwenye kushuka kutoka Kolero au Tegetero wakati wa masika ajua kwamba idadi siyo kipimo pekee. Mbunge wa mjini aweza kuzunguka kata zake kwa siku chache. Wa mlimani hawezi. Sababu hiyo ni ya haki, na Katiba inaitambua. Tunachosema ni kwamba sababu iandikwe na isomwe. Mwananchi wa Kihonda aambiwe kwa nini kura yake ina uzito mdogo kuliko ya ndugu yake wa Matombo, naye akiona sababu haitoshi, awe na mahali pa kuuliza.

Jirani zetu wa Kenya wamepata mahali hapo. Katiba yao ya 2010 imeweka majimbo 290, ikaweka na kiwango: jimbo lisizidi wala kupungua wastani kwa zaidi ya asilimia 30, au 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache. Asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo imepewa miezi mitatu kuamua. Mwaka 2012 zilifunguliwa kesi zaidi ya 100, na Kenya haikuanguka kwa sababu hiyo. Lakini huko Marekani Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2019 kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuamua mashtaka ya mipaka iliyochorwa kwa faida ya chama. Mwaka 2025 Texas ikachora upya ili chama cha Republican kiongeze viti vitano, na California ikajibu kwa kuwachorea Democratic vitano. Mwamuzi akiondoka, kila mmoja hunoa kalamu yake.

Basi madai yetu ni matatu. Kwanza, vipimo viwekwe katika sheria, visingoje mwaka wa uchaguzi. Pili, kila mpaka mpya utangazwe pamoja na sababu zake, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kila kata. Tatu, kibali cha Rais kiondolewe, na mlango wa mahakama ufunguliwe.

Ndugu wananchi, msiyaache haya kwa wenye ramani. Mkutano wa kijiji ukiitwa, nendeni. Diwani wenu mwulizeni alisema nini katika baraza jimbo lilipojadiliwa. Kura ni haki yenu, na haki hiyo huanza siku mpaka unapochorwa.