KANO ZETU NA UZITO WA MAGUNIA



Katika mkutano uliopita wa wachukuzi wa maghala, ndugu mmoja wa makamo alisimama akasema maneno matatu tu: "Bega langu limekataa." Vijana kadha wa kadha walicheka. Sisi wa ofisi hatukucheka, kwa maana tulijua ya kuwa ndugu huyo amebeba magunia miaka ishirini na minane, na ya kuwa maneno hayo hajapata kumwambia nyapara wake. Kwa nyapara yeye husema, "Mzima." Akisema kweli, kesho yake jina lake halitaitwa langoni.

Wazee wetu hapa Mombasa waligoma mwaka wa 1947, wakagoma tena bandarini mwaka wa 1955, na shabaha kubwa ilikuwa mshahara na ukali wa maisha. Walifanya vema. Lakini mwili wenyewe unaouletea mshahara huo haukupata kuzungumzwa sana mezani, na hata leo mapatano mengi yanataja shilingi kurasa nzima na bega hayataji hata mstari. Kwa hiyo ukurasa wa leo tumeutoa kwa kitu kiitwacho kano.

Watu wetu wakiumwa husema, "Mishipa imenikaza," na katika neno hilo mishipa huingia kila kitu: njia za damu, misuli, na kano pia. Tutenganishe. Kano ni kamba nyeupe inayoufunga msuli kwenye mfupa. Aliyekula kongoro la ng'ombe ameiona na ameitafuna. Ishike yako mwenyewe nyuma ya kisigino, ile iliyosimama kama waya. Msuli ndio huvuta, lakini mvuto haufiki kwenye mfupa bila kano, kama vile meli haivutwi gatini bila amari. Na kama amari ilivyosokotwa kwa nyuzi nyingi, kano nayo imesokotwa kwa nyuzi za kitu kiitwacho kolajeni.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kati ya mwaka wa 1955 na 1963 mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya atomiki hewani, na hewa ya dunia nzima ikapata kaboni ya namna ya pekee, ikaingia katika mimea na katika chakula cha kila mtu. Mwaka wa 2013 wataalamu wa Denmark walipima kano za visigino vya watu waliozaliwa nyakati mbalimbali. Wakaona ya kuwa kiini cha kano bado kina alama ya hewa ya miaka ile mwenyewe alipokuwa mtoto. Maana yake, kiini hicho hufanyizwa mtu akiwa anakua, mpaka kama miaka 17, na baada ya hapo hakibadilishwi ila kidogo mno. Misuli hubadilishwa, ngozi hubadilishwa, lakini kiini cha kano ulichopewa ujanani ndicho utakachostaafu nacho. Tena damu inayofika huko ni chache, ndiyo sababu msuli uliokaza hupona kwa siku kadha, na kano iliyoumia huchukua miezi.

Na kustaafu kwenyewe kumesogezwa mbele. Serikali ilipandisha umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60 katika mwaka wa 2009. Mwenye kalamu huenda alifurahi. Kwa mwenye gunia ni miaka mitano zaidi juu ya kamba ile ile.

Je, basi tukae tukingoja kukatika? Sivyo. Kiini hakibadilishwi, lakini kano nzima husikia kazi inayopewa na hujiimarisha, hata uzeeni. Huko Uingereza wazee waliokwisha pita miaka 65 walifanyishwa mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki 14. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 2003: uimara wa kano zao za goti, yaani nguvu ya kutonyumbuka ovyo, uliongezeka kwa asilimia 65. Hao walikuwa wazee, si wanariadha.

Hapa najua ndugu atauliza, "Mimi nabeba mchana kutwa, zoezi la nini tena?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha habari yote. Kubeba kwa kazi na kubeba kwa zoezi si kitu kimoja. Kazini unanyanyua kwa kushtuka, mwili umepindika, mkono uko juu ya kichwa, mara mia na zaidi kwa zamu moja, na kesho tena. Kano iliyofanya kazi nzito huvunja nyuzi zake kwanza kabla ya kujenga mpya, na inahitaji siku moja au mbili ili ujenzi uushinde uvunjaji. Kibarua hapewi siku hizo. Zoezi ni uzito unaoujua, unaoinuliwa polepole, kwa hesabu, kisha mapumziko, na kuongezwa kidogo kidogo wiki hata wiki. Mtu aliyetoka livu ya mwezi mzima akarushwa siku ya kwanza kwenye shehena kamili anavunja kanuni hiyo kwa amri ya mwingine. Na vilevile anayelala kitandani wiki sita kwa sababu ya maumivu atainuka na kano dhaifu kuliko alivyolala nayo.

Kwa kisigino zoezi linajulikana sana. Lilitangazwa na Hakan Alfredson wa Sweden mwaka wa 1998. Simama kwenye kidato cha ngazi kwa nyayo za mbele, shika ukuta, inuka kwa miguu yote miwili, kisha uhamishe uzito kwenye mguu unaouma na kukishusha kisigino polepole mpaka kiwe chini ya kidato. Mara 15, pumzika, rudia mpaka zitimie duru tatu. Halafu tena duru tatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Yeye aliagiza asubuhi na jioni kwa wiki 12, na wagonjwa wake 15 wote walirudi kukimbia. Wengine baadaye wameona ya kuwa kupanda na kushuka polepole kwa uzito mkubwa, mara tatu tu kwa wiki, kunafaa vilevile, na kwa mtu anayetoka zamu amechoka naona hii ya pili ndiyo itakayofuatwa. Kwa magoti, kaa kitini na kusimama bila kushika, ukihesabu tatu kupanda na tatu kushuka. Kwa bega, chupa ya maji ya lita mbili yatosha kuanzia: iinue mbele yako mpaka usawa wa kifua, ishushe polepole kuliko ulivyoiinua.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakiwa makali zaidi asubuhi inayofuata, umezidisha, punguza. Lakini ukisikia mlio nyuma ya kisigino kama mtu amekupiga jiwe, na ukageuka usimwone mtu, usingoje kuchuliwa kwa mafuta. Hiyo ni kano imekatika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa chakula. Mnamo Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa na mabaharia waliokuwa wamepatwa na ugonjwa wa fizi kuvimba na viungo kulegea. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na machungwa, na ndimu, na miwa kwa wingi. Mwandishi wa safari hiyo aliandika ya kuwa wagonjwa wao wote walipona walipofika mji huu, na akawapa sifa hewa ya hapa. Hewa yetu ni nzuri, hatukatai, lakini yaelekea zaidi ni yale machungwa. Mwaka wa 1747 daktari wa meli Mwingereza, James Lind, alijaribu dawa mbalimbali kwa mabaharia, na waliopewa machungwa na ndimu ndio waliopona upesi. Leo twajua sababu: bila vitamini C mwili hauwezi kusokota kolajeni ikashikamana. Pera moja la wastani lina vitamini hiyo zaidi ya chungwa. Sukuma wiki inayo pia, isipokuwa ile iliyochemshwa mpaka ikageuka rangi.

Lakini vitamini ni fundi tu, lazima apewe nyuzi. Nyuzi hutoka katika protini, na mtu mzee anaihitaji zaidi ya kijana, si pungufu kama tunavyodhani tunapomwachia mzee uji. Wataalamu wanapendekeza gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 65 basi anataka gramu 65 hata 78. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama gramu 15. Omena, ndengu, kunde na maziwa yote yamo. Tazameni basi chakula cha mchana cha kibarua wetu: chai ya sukari nyingi na mandazi mawili, au soda na mkate mkavu. Hapo hamna hata gramu kumi. Simlaumu, hicho ndicho kinachouzwa langoni na ndicho anachoweza kununua kwa nusu saa aliyopewa.

Na supu ya makongoro? Wengi wameniuliza. Mwaka wa 2017 wataalamu walitangaza jaribio la kuwapa vijana wanaume wanane jelatini, ambayo ndiyo inayoifanya supu ya makongoro igande ikipoa, pamoja na vitamini C. Saa moja baadaye wakawarusha kamba kwa dakika sita. Waliopewa gramu 15 walionyesha dalili za kujenga kolajeni mara mbili ya walipopewa kinywaji kisicho na jelatini. Watu wanane ni wachache, tena walikuwa vijana. Kwa hiyo kunyweni supu na kipande cha ndimu kwa kuwa ni chakula kizuri, lakini mtu akija langoni kuwauzia kopo la unga wa kolajeni kwa mshahara wa siku nne, mwacheni apite.

Maonyo mawili kwa haraka. Ugonjwa wa sukari huzifanya kano kuwa ngumu na dhaifu, na bega linaloganda huwapata sana wenye sukari. Mwenye bega la namna hiyo na apimwe damu. La pili ni dawa iitwayo siprofloksasini, ambayo watu hununua dukani wenyewe kwa tumbo au mkojo. Tangu mwaka wa 2008 serikali ya Marekani imelazimisha onyo kali juu ya dawa za jamii hiyo, kwa sababu zaweza kuvimbisha na hata kukata kano, zaidi kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi. Usiinunue bila daktari, na mwambie daktari kazi yako ni ya kubeba.

Yote hayo mtu aweza kuyafanya nyumbani kwake, na matajiri watafurahi tukiishia hapo, kwamba mwenye bega bovu ni mvivu wa mazoezi na hakula maharagwe. Chama hakiishii hapo. Mwaka wa 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 juu ya uzito wa kubebwa na mtu mmoja, na Pendekezo lililofuatana nao likataja kilo 55 kwa mwanamume mzima, na pungufu kwa wanawake na vijana. Gunia la mahindi hapa kwetu bado lahesabiwa kilo 90. Viazi vimewekewa kilo 50 kwa kanuni za mwaka wa 2019, zaidi kwa ajili ya mkulima asipunjwe. Mgongo wa mchukuzi umenufaika bila kualikwa.

Kwa hiyo katika mapatano yajayo tunataka gunia lolote lililozidi kilo 50 libebwe na watu wawili au kwa mkokoteni. Dakika kumi za kuunyoosha mwili mwanzo wa zamu, zikilipwa. Na anayerudi kutoka livu au ugonjwa aanzie nusu ya kazi kwa wiki mbili bila kukatwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa ruhusa ya ugonjwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo, siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu. Kuna wanachama wetu wenye miaka mitano ambao bado huitwa vibarua ili wasiipate.

Najua upinzani umo humu humu ndani. Wanaolipwa kwa gunia wanasema tukipunguza uzito tajiri atapunguza bei, na kijana mwenye nguvu atapoteza. Hofu hii si ya upuuzi. Ndiyo sababu halmashauri imekubali kudai malipo kwa tani, siyo kwa gunia, ili ukubwa wa mfuko usiwe hasara ya mtu. Kama kuna mwenye njia bora, na ailete mkutanoni.

Tena, bega likiuma andikisheni siku hiyo hiyo kwenye kitabu cha ajali na kwa daktari. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 yataka dai liletwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na kano haina kawaida ya kuumia siku moja yenye tarehe. Pasipo maandishi, wakili wa tajiri atasema uliumia ukicheza mpira.

Wawakilishi wa kila ghala waje ofisini kuchukua mizani ya tawi kwa zamu. Pimeni magunia kumi yasiyochaguliwa, andikeni kilo, tarehe na aina ya shehena, mlete karatasi kwa Katibu kabla hatujakaa na matajiri.