Tuanze na Majani ya Maboga
Wanachuo wenzangu, nani alituambia kupika kunaanza na biriani? Sisi wa ualimu tunafundishwa kumtoa mwanafunzi kwenye analolijua kumpeleka kwenye asilolijua. Geto ni kinyume: mtu anaanza na video ngumu, sufuria inaungua, anarudi kwa muuza chipsi mpaka bumu linakata.

Kwetu Mbinga mvua zikikolea, Januari na Februari, somo la kwanza liko shambani: majani ya maboga. Chagua machanga. Vunja kikonyo, vuta zile nyuzi zitoke, na hapo usifanye uvivu, maana nyuzi ndizo zinazofanya watu waikimbie mboga hii. Katakata, bandika na kitunguu, nyanya na maji kidogo tu. Yakilainika, mimina karanga zilizotwangwa ulizovuruga kwa maji, chumvi, kisha koroga zisishike chini. Dakika 15 hivi, umemaliza. Ukiwa na usipa, dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa, toa vichwa, osha kwa maji ya moto, kaanga pembeni.

Kiangazi majani yakiadimika, maharage ya kwenye ngoro yanakuwa yameshavunwa. Yaloweke usiku, yasimalize gesi.

Na nyie kaka zangu, msiniambie hii ni kazi ya akina dada. Njaa ya saa 4 usiku mnaijua kuliko sisi. Jikusanyeni wanne, sufuria moja, mpishi abadilike kila siku. Asiyejua aanze na kuvuta nyuzi.