Mambo ya Nyumbani: Baraza na Chumba cha Ndani

Mwezi huu twataka kusema juu ya mgeni aliyeingia katika nyumba nyingi za Wakristo pasipo kubisha hodi, naye ni mtandao wa kompyuta usio na waya, ambao watu huuita Wi-Fi.

Siku hizi nyumba ya mwalimu yaweza kuwa na kompyuta tatu au nne. Baba anayo ya kazi ya shule, mama anayo ya hesabu za chama, watoto wanazo za masomo, na simu ni zaidi ya hizo. Zote zataka kuteka katika kisima kimoja, yaani laini ya intaneti iliyolipiwa na nyumba. Mgawaji wa maji ni kisanduku kidogo kiitwacho ruta. Hicho huipokea intaneti, kisha huieneza nyumbani kwa mawimbi ya redio yasiyokwenda mbali.

Akili hii si ya jana. Mwaka 1971, huko Hawaii, mwalimu Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu waliunganisha kwa redio kompyuta zilizotengwa na bahari. Na mwaka 1997 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa kanuni moja, ili vyombo vya viwanda mbalimbali vipate kusikilizana.

Basi atakaye kuuweka mtandao huu nyumbani, na aangalie mambo matatu.

La kwanza ni mahali. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu ya rafu, wala si sakafuni wala nyuma ya friji. Mabati huyarudisha mawimbi, maji huyameza, na kuta nene za mawe, kama zile za nyumba za kale za Lamu na Unguja, huyadhoofisha sana. Ruta nyingi zina mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri. Yale ya gigahezi 5 yana mbio zaidi, lakini huchoka upesi. Kwa hiyo kompyuta iliyo karibu na itumie haya ya pili, na iliyo chumba cha mbali itumie yale ya kwanza. Na kompyuta isiyoondoka mezani ni heri kuiunga kwa waya, ili iwaachie wengine nafasi hewani.

La pili ni mlango. Mawimbi hayajui mpaka wa kiwanja. Hupita dirishani yakafika njiani na kwa jirani. Aliyesimama huko na simu yake yu mlangoni pako, ijapokuwa humwoni. Mlango huo hufungwa kwa neno la siri. Lakini angalieni, maneno ni mawili: moja la kuingilia mtandaoni, na moja la kuifungulia ruta yenyewe na kubadili mambo yake. Wengi hulibadili la kwanza wakalisahau la pili, nalo katika ruta nyingi limetoka kiwandani likiwa neno jepesi linalojulikana na watu wengi. Ni kama kutia kufuli jipya mlangoni, na huku ufunguo wa fundi aliyeijenga nyumba umo mikononi mwa kila mtu.

Tena itazameni namna ya kufuli. Lile la kale liitwalo WEP lisitumike kabisa, maana mwaka 2001 wataalamu walionyesha wazi jinsi linavyovunjwa. Chagueni WPA2, lililotoka mwaka 2004, au WPA3 la mwaka 2018, ikiwa vyombo vyenu vyalijua. Na neno lenyewe lisiwe jina la mtoto wala namba ya simu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yakiunganishwa pamoja, hukumbukwa kwa urahisi na hubahatishwa kwa shida.

La tatu ndilo lililo zito kwa dhamiri ya Mkristo. Kijana wa jirani huja na kusema, "Shikamoo mwalimu, naomba neno la mtandao, nina kazi ya shule na sina fedha za bando." Je, tumnyime? Twafundisha ukarimu kila Jumapili. Lakini fikirini yaliyomo ndani. Kompyuta ya mwalimu ina maswali ya mtihani na alama za watoto wa watu; ya mhazini wa kanisa ina daftari la sadaka. Mambo hayo si mali yetu, ni amana. Na mtu akitenda ubaya kwa kupitia laini yako, alama itakayoonekana huko nje ni ya nyumba yako.

Wazee wa pwani walikwisha kulijibu swali hili kwa chokaa na mawe. Nyumba ya Kiswahili ina baraza. Mgeni huketishwa hapo, akapewa kahawa, akazungumza hata jioni, wala hakuingia chumba cha ndani; na hakuna aliyesema kwamba mwenye nyumba ni bahili. Vivyo hivyo ruta nyingi za leo zina mtandao wa wageni, wenye jina lake na neno lake. Aliye humo hupata intaneti, lakini hazifikii kompyuta za nyumba wala printa yao. Hiyo ndiyo baraza yenu. Mpeni yule kijana neno la baraza kwa moyo mweupe, na neno la ndani libaki kwa watu wa nyumba. Na wageni wakizidi, neno la baraza laweza kubadilishwa pasipo kuwasumbua waliomo ndani.

Nehemia alipoumaliza ukuta wa Yerusalemu hakuona kuwa kazi imekwisha. Aliweka mabawabu, akaamuru hata saa ya kuifungua milango. Basi kabla ya Jumapili ijayo, mkubwa wa nyumba na aketi mbele ya ruta yake, ayabadili yale maneno mawili, ayaandike katika daftari linalofungiwa kabatini, kisha aifungue baraza. Ni kazi ya saa moja, nayo itawalinda wengi ambao mwalimu amekabidhiwa.