Taa za barabarani zimhesabu pia aendaye kwa miguu

Kwa miaka mingi wakazi wa Nairobi wamezoea kioja hiki: taa nyekundu inawaka, lakini afisa wa trafiki anayapungia magari mkono yapite. Afisa huyo havunji sheria. Yeye huona msongamano ulivyo, ilhali taa ya kawaida hubadilika kwa muda uliopangwa, barabara iwe imejaa au iwe tupu.

Ndiyo sababu miji mikubwa ya ulimwengu iliamua kuzipa taa macho. Huko Sydney, Australia, mfumo uitwao SCATS ulibuniwa katika miaka ya 1970. Nyaya zilizofukiwa chini ya lami hutambua magari yanayopita, kisha kompyuta hurefusha au kufupisha muda wa taa ya kijani kulingana na wingi wayo. Uingereza nayo ilibuni SCOOT, mfumo uliotumiwa London kwa miaka mingi. Mitambo hii hupunguza muda wa magari kungoja, nasi hatuna sababu ya kuikataa.

Hata hivyo, hatuna budi kuuliza: ni nini kinachohesabiwa? Nyaya hutambua chuma. Hazimtambui mwanafunzi aliyesimama kando ya barabara, mkoba wa vitabu mgongoni, akitaka kuvuka kabla kengele haijalia. Taa inayohesabu magari pekee itayapendelea magari. Mtoto atangojeshwa hadi achoke, kisha ajitose katikati ya magari yaendayo kasi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Vivyo hivyo, anayepanga barabara akiwa ndani ya gari ni rahisi kumsahau atembeaye, ingawa sehemu kubwa ya wakazi wa Nairobi huenda kazini na shuleni kwa miguu.

Kasoro hii ina dawa. Mnamo 2014, London ilianza kujaribu kamera zinazokadiria idadi ya watu wanaosubiri kuvuka, ili wakiwa wengi taa yao irefushwe.

Basi kila mji wetu unaponuia kununua mitambo ya aina hii, wakuu wake waweke sharti hilo kwenye mkataba, wala si baada ya ajali. Walimu wa hisabati nao wanaweza kusaidia. Wawaongoze wanafunzi, wakiwa mahali salama, kuhesabu wanaovuka karibu na shule na dakika wanazongojeshwa, kisha hesabu hiyo ifikishwe kwa wakuu hao. Asiyehesabiwa hupangiwa na wengine.