Wastani si Uduni: Tikolo na Jumba la Heshima

Nilipozuru mji wa Mandera hivi majuzi, nilialikwa kuketi miongoni mwa waamuzi wa mdahalo katika shule moja ya upili. Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa hii: shujaa hupimwa kwa tendo moja kuu, wala si kwa miaka mingi ya kazi. Upande uliounga mkono haukutoka nje ya kaunti kutafuta mfano. Ulimtaja marehemu Mwalimu Salah Farah, ambaye mwezi Desemba 2015 alikuwa ndani ya basi lililoshambuliwa likielekea Mandera. Yeye na abiria wenzake Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo ili hao wauawe. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016, na serikali ikamtunukia nishani baada ya kifo chake. Ukumbi ulinyamaza. Nani angethubutu kumjibu marehemu?

Upande wa upinzani ulishindwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliotoa alama za kuushinda. Lakini tulipokuwa tukitawanyika, mwanafunzi mmoja wa upande huo alinijia akaniuliza: "Mwalimu, mtu afanyaye vyema kila siku, bila ya kutenda muujiza wowote, hana nafasi miongoni mwa mashujaa?" Nilimwahidi kwamba ningemjibu katika safu hii. Jibu langu litapitia mchezo ambao vijana wengi wa Mandera hawajapata kuushika kwa mikono yao, nao ni kriketi.

Swali la kijana huyo si geni duniani. Huko Marekani, mji mdogo wa Cooperstown una jumba la heshima la wachezaji wa besiboli lililofunguliwa mwaka 1939, na kila mwaka watu huteta kuhusu nani aingie. Mmoja wa waliozua ubishi mkali ni Harold Baines. Alicheza misimu 22, akapata mapigo halali 2,866. Waandishi wa michezo hawakumpa kura za kutosha, lakini kamati maalumu ikamchagua mwishoni mwa 2018, naye akaingizwa mwaka 2019. Wakosoaji walilalamika kwamba hakuwahi kutawala mchezo huo katika msimu wowote. Alikuwa tu mzuri, mwaka baada ya mwaka. Watetezi wake nao walijibu kwamba kuwa mzuri kwa miaka 22 si jambo la "tu".

Sisi Wakenya tunaye wetu. Steve Tikolo, mpigaji wa timu yetu ya taifa ya kriketi, alicheza katika Kombe la Dunia mara tano mfululizo: 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011. Katika mechi za kimataifa za siku moja alicheza zaidi ya mara 130, akakusanya zaidi ya mikimbio 3,400, kwa wastani wa takriban mikimbio 29 kila alipotolewa. Baraza la Kimataifa la Kriketi lilianzisha jumba lake la heshima mwaka 2009. Mpaka ninapoandika makala haya, hakuna Mkenya aliyeingizwa humo.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo inavyostahili. Wapigaji wakuu wa Australia au India hufikia wastani wa 40 na zaidi. Isitoshe, baadhi ya mikimbio ya Tikolo aliipata dhidi ya timu dhaifu. Hoja hizi zina uzito, nami sitazipuuza. Mtu akiitazama tarakimu 29 ikiwa imesimama peke yake, atasema kwamba huyu alikuwa mchezaji wa wastani.

Hapa ndipo taaluma yangu ya isimu inaponilazimisha kuingilia. Katika Kiswahili, neno wastani linabeba mizigo miwili. Mwalimu wa hisabati analitumia kwa hesabu: jumla ikigawanywa kwa idadi. Mtu wa kawaida analitumia kwa hukumu: kisicho kizuri sana wala kibaya sana, cha kati na kati. Maana hizi mbili zinapochanganyika, hesabu hugeuka hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Tunamwona mtu ana wastani fulani, tukahitimisha kuwa yeye ni wa wastani. La hasha! Wastani ni matokeo ya mgawanyo, na mgawanyo hausemi lolote kuhusu uwanja, mpinzani, wala mzigo aliobeba aliyepimwa.

Tuichukue tarakimu hiyo hiyo ya 29 turudi nayo Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Siku hiyo Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikaitoa West Indies nzima kwa mikimbio 93. Ulimwengu ulipigwa na butwaa. Katika mechi hiyo Tikolo alipata mikimbio 29. Ni michache? Hakuna mpigaji mwingine wa upande wowote aliyeifikia, hata Brian Lara aliyesifika duniani kote, ambaye alitolewa akiwa na mikimbio 8.

Twende pia Kuala Lumpur, mwaka 1997, katika fainali ya mashindano ya mataifa yasiyokuwa na hadhi kamili. Kenya ilipata mikimbio 241. Kati ya hiyo, 147 ilitoka katika gongo la Tikolo. Mvua ikanyesha, hesabu ikabadilishwa, na Bangladesh ikashinda katika mpira wa mwisho kabisa. Mwaka 2000 Bangladesh ilipewa hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku tano, ambazo ndizo kipimo kikuu cha mpigaji. Kenya haikuipata hadhi hiyo, hata baada ya Tikolo kuiongoza kama nahodha hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, hatua ambayo taifa lisilo na hadhi hiyo halikuwa limewahi kuifikia. Basi tunawezaje kumhukumu mtu kwa mtihani ambao mlango wa chumba chake alifungiwa?

Hata hivyo, sidai kwamba kudumu kazini pekee kunatosha. Anayekalia kiti cha ofisi miaka 30 bila ya kuhudumia mtu amedumu pia. Udumifu hustahili heshima pale unapobeba wengine: pale ambapo, ukimwondoa mtu huyo, jengo zima hutikisika. Kwa miaka 15, Tikolo alikuwa nguzo ya namna hiyo. Ndiyo maana nasema anastahili, na kwamba jumba lolote linalopima tarakimu bila ya kuuliza zilipatikana wapi linapima nusu ya mtu.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa Mandera. Novemba 2014, watu 28 waliuawa katika basi lililotoka mji huo kuelekea Nairobi, na miongoni mwao walikuwamo walimu. Walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka, na siwalaumu. Roho haina duka. Shule zikabaki na walimu wachache. Lakini wapo waliobaki, na wapo vijana wa kidato cha nne waliogeuzwa walimu wa wadogo zao. Matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wastani wa shule hizo huwekwa katika jedwali moja na wastani wa shule zenye maabara na walimu kamili, kisha sisi wengine hutikisa vichwa. Tunalirudia kosa lile lile tunalomtendea Tikolo.

Waama, hata Mwalimu Salah Farah hakuanza kuwa mwema siku ile ya basi. Tendo lake la saa moja tuliliona sote; miaka yake ya kushika chaki haikuandikwa na gazeti lolote. Sioni kama mambo hayo mawili yanapingana. Mwenye mazoea ya kuwajali wengine kila asubuhi ndiye atakayewajali pia saa ya hatari ikifika.

Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014 iliweka utaratibu wa baraza la kupokea na kupendekeza majina ya mashujaa. Nawasihi walimu na wanafunzi wasiungoje mwezi Oktoba ndipo wasikie majina kutoka Nairobi. Andikeni yenu. Na mkiandika tarakimu za mtu, andikeni pia uwanja alioupatia. Kama mdahalo ule ungerudiwa leo, kijana wangu, ningekupa alama zako.