Mdudu Hajui Mpaka wa Shamba

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba kilimo cha kisasa hupimwa kwa wingi wa sumu inayomwagwa shambani. Mkulima wa matufaha akiwauliza afanyeje na wadudu, jibu lao ni moja: nunua dawa, pulizia, wasipokufa, ongeza. Anayetaja njia nyingine huambiwa anaturudisha nyuma. Hoja hiyo ni potofu, na historia ya tunda hilohilo inawaumbua wanaoieneza.

Adui mkubwa wa tufaha duniani ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, ambaye kiwavi wake hutoboa tunda hadi kwenye mbegu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 wakulima wa Marekani walimpiga vita kwa sumu ya risasi na aseniki. Matokeo yalikuwaje? Kufikia mwaka 1928 ilikwisha kuonekana huko Colorado kwamba nondo huyo ameizoea sumu hiyo. Wakulima wakazidi kupulizia. Nondo hakwisha, bali sumu ndiyo iliyobaki: hadi leo risasi na aseniki zimo katika udongo wa mashamba mengi ya zamani ya jimbo la Washington, na juu ya udongo huo zimejengwa nyumba na shule.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja DDT, ikashangiliwa kama mkombozi. Iliwaua nondo, lakini iliwaua pia wadudu wanaokula utitiri. Utitiri, uliokuwa kero ndogo, ukageuka kuwa janga. Mkulima akauziwa dawa ya pili ili kutibu madhara ya dawa ya kwanza. Je, hayo ndiyo maendeleo, au ni utumwa wa duka?

Wakati huohuo, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, mtaalamu A. D. Pickett aliwaongoza wakulima kutumia dawa chache, zilizochaguliwa kwa uangalifu, ili wadudu marafiki wabaki hai wafanye kazi yao. Rachel Carson, katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962, alieleza kwamba gharama zao za dawa za wadudu zilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu ya gharama za sehemu nyingine nyingi zinazolima matufaha. Nani basi aliyerudi nyuma?

Lakini fundisho kubwa zaidi linatoka katika bonde la Okanagan, nchini humohumo. Katika mpango ulioanzishwa mwaka 1992, nondo walifugwa kwa mamilioni, wakafanywa tasa kwa mionzi, kisha wakaachiwa mashambani ili wale wa porini wapandane nao bila kuzaa. Gharama zilibebwa na wenye mashamba pamoja na wenye nyumba, kwa kuwa mtufaha mmoja uliotelekezwa uani unatosha kuchafua mashamba ya jirani. Kwingineko wakulima hutundika mitini vifaa vinavyotoa harufu ya nondo jike, dume akapotea njia asimpate mwenzi. Njia hiyo nayo humshinda mkulima aliye peke yake, kwani jike aliyekwisha kupandwa kwa jirani huruka akaja kutaga kwake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sumu huuzwa kwa mtu mmoja mmoja. Maarifa hufanya kazi watu wakishirikiana. Ndiyo maana mchuuzi wa sumu hana haja ya kuwaona wakulima wamekaa kikao kimoja.

Watasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Si kweli. Kidung'ata wa muhogo alipoivamia Afrika, aliyemdhibiti ni nyigu mdogo kutoka Paraguay, aliyeanza kuachiwa Nigeria mwaka 1981. Mkulima wa muhogo hakutakiwa kununua hata kopo moja la sumu.

Hatusemi kila dawa itupwe. Tunasema dawa iwe silaha ya mwisho, tena itumike baada ya wadudu kuhesabiwa, si kwa mazoea. Matufaha yanastawi Njombe, Makete na Lushoto. Huko, hapana budi vyama vya ushirika viweke siku maalumu za kuokota na kuharibu matunda yaliyoanguka, mitego ya wadudu ikaguliwe kwa pamoja, na bwana shamba aonekane shambani kabla ya mwenye duka. Mwenye shamba aliyelitelekeza awajibishwe, kwa kuwa uzembe wake ni hasara ya kijiji kizima.

Wenzetu walilipia fundisho hili kwa udongo wao. Kulirudia kosa lao tukiwa tunaliona ni kuwatendea dhuluma watoto watakaourithi udongo wetu. Mdudu hajui mpaka wa shamba. Nasi katika kumpinga tusijue mpaka.